Nimemjengea Mwalimu Wangu Choo, Yeye Anajua ni Maktaba

Mpendwa mshauri Bi Mize,

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Shikamoo kama umenizidi umri, na kama ni mimi niliyekuzidi basi habari za hapo ofisini. U hali gani wewe na watoto, na lile goti ulilotuambia wiki ile kuwa linakusumbua ukipanda ngazi, limepata nafuu? Mimi nimelisomea dua. Chemsha mafuta ya nazi na kitunguu saumu ujipake, usilikande kwa maji baridi hata kidogo. Sisi huku Kaole hatujambo, alhamdulillahi, wazima wa mwili, ila mimi mwenzio moyo wangu hauko mahali pake, naomba msaada, na naomba usinicheke, ingawa mume wangu ameshacheka mpaka akakaa chini.

Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na tisa, elimu yangu darasa la saba, nina mume, watoto wanne na mjukuu mmoja, na kazi yangu ni kukodisha vitu vya shughuli, maturubai, viti, masufuria makubwa, sahani, majamvi, ukioza mwana utaniona, ukifiwa utaniona, na kwa neema za Mwenyezi Mungu silali njaa. Yote hayo chanzo chake ni mtu mmoja anaitwa Mwalimu Hafidha, aliyenifundisha shule ya msingi ya huku kwetu, sasa ni mstaafu, ana miaka sabini na sita, anakaa Bagamoyo mjini, meno yake yote anayo na sauti yake ni ile ile, ukiisikia tu mgongo unanyooka wenyewe.

Bi Mize, ngoja nikueleze tulikotoka ndipo utanielewa. Shule yetu ilikuwa na choo kimoja cha wasichana, ukuta wa udongo, juu makuti, mlango hakuna, ulishaibiwa kabla mimi sijaanza darasa la kwanza, na wavulana walikuwa wanapita pale makusudi kama watu wanaokwenda kutazama mpira. Wasichana wakifika darasa la sita wanaanza kukosa siku tatu nne kila mwezi, unajua mwenyewe ni siku zipi, halafu wanakosa wiki, halafu hawarudi tena, unakuja kuwaona wana mtoto mgongoni. Mimi zilinianza darasani, kipindi cha hesabu, nikang'ang'ania dawati mpaka wenzangu wote wakatoka kwa sababu sikuthubutu kusimama. Mwalimu Hafidha hakuniuliza kitu. Alitoa kanga kwenye kikapu chake, doti ya kisutu, ile nyekundu yenye weusi na weupe isiyokuwa na maandishi, kipande kimoja akanifunga kiunoni, cha pili akaenda nacho chooni, akakitandaza kwa mikono yake miwili pale penye mlango usiokuwepo, akanipa mgongo, akasema, "Ingia mwanangu, mlango ni mimi."

Basi tangu siku hiyo kila mapumziko alikuwa pale. Alipigilia misumari miwili akatundika ile kanga, yeye mwenyewe anasimama mbele yake kama askari wa benki, na kwa kuwa sisi tulikuwa tunaona haya sauti zetu zisisikike nje, unisamehe Bi Mize kwa habari hizi, yeye alikuwa ana kitabu mkononi anasoma kwa sauti kubwa, leo hadithi, kesho mashairi, siku hadithi zimemwishia anasoma jiografia, mvulana akipita hapo anaambulia habari za mlima Kilimanjaro tu, hapati nyingine. Mimi kuna hadithi nilikuwa nakawia humo ndani makusudi ili niusikie mwisho wake, wenzangu wananigongea ukuta, "We Sihaba, umejifungua humo?" Mwaka wetu wasichana tuliomaliza darasa la saba tulikuwa tisa, na mwaka uliotangulia walimaliza wawili.

Sasa siku ile ya kwanza, nyuma ya kanga, nilikuwa nalia, nikamwomba Mungu na nikaweka nadhiri. Nikasema ya Rabbi ukinijalia uwezo nitajenga hapa hapa choo chenye milango, na jina la mwalimu huyu nitaliandika mbele lisomeke kutoka barabarani. Nadhiri yenyewe niliiweka nimechuchumaa. Najua si mahali pa kutaja jina la Mungu, najua, lakini nilikuwa na miaka kumi na mitatu na nilidhani nakufa. Nimemuuliza Maalim Sufiani wa msikitini kwetu kama nadhiri iliyowekwa chooni inashika au haishiki, akanitazama weee, akasema, "Mama Jasmin, swali hili nipe wiki mbili." Huu ni mwezi wa nne, akiniona mbele anakata kona.

Nilipoona sijibiwi nikasema bora nitimize kuliko nije niulizwe kaburini. Nimejenga mwaka huu, Bi Mize. Matundu manane ya wasichana, chini vigae, maji ya bomba, milango ya chuma, na kila mlango una komeo la ndani. Makomeo yote nimeyajaribu mwenyewe, nilikuwa naingia najifungia, natoka, naingia cha pili najifungia, mafundi wamesimama na zege mkononi wananitazama kama mtu aliyepandisha shetani. Kisha fundi rangi, anaitwa Msabaha, akaandika mbele kwa herufi kubwa za bluu: CHOO CHA MWALIMU HAFIDHA ABDURAHMANI. Yule Maalim Sufiani aliyeshindwa kunijibu miezi minne, siku hiyo alifika rangi haijakauka. "Jina la Mola haliwekwi juu ya choo! Futa Abdurahmani hiyo!" Na ni kweli, astaghfirullah, nilipitiwa, tukafuta. Limebaki CHOO CHA MWALIMU HAFIDHA, yaani baba katolewa chooni, binti kaachwa humo. Na mwalimu mkuu, Mwalimu Kibwana, amewaruhusu wasichana wakitumie kabla ya sherehe maana haja haimngoji mgeni rasmi, basi sasa wakiomba ruhusa darasani hawasemi chooni, wananyoosha kidole, "Mwalimu, naomba niende kwa Hafidha."

Hayo yote ningeyabeba. Lililonishinda ni hili.

Mwezi uliopita nilikwenda mjini kumwalika Mwalimu awe mgeni rasmi. Sebule yake unaijua kwa vitabu, vimejaa kwenye makochi, vimepanda mpaka juu ya friji. Akaniwekea halua na kahawa. "Shikamoo Mwalimu." "Marahaba. Kaa vizuri, mgongo." Nikakaa, mgongo. Nikamwambia, "Mwalimu, nimejenga jengo pale shuleni kwa ajili yako, na jina lako nimeliandika mbele." Akaweka kikombe chini. "Jengo gani?"

Bi Mize, nilifungua mdomo. Nia nilikuwa nayo, Mungu shahidi yangu. Lakini neno lile, mbele ya mtu yule, na halua imekaa mezani, halikutoka. Na yeye hakuningoja, alishika kifua akasema, "Usiniambie. Maktaba."

Nikasema, "Inshallah."

Akalia. Mwalimu Hafidha, ambaye sijapata kumwona analia, hata alipofiwa na mumewe mimi ndiye niliyepeleka maturubai na sikuona chozi, akalia kama mtoto. "Miaka thelathini na minne nimeomba maktaba pale," anasema, "miaka thelathini na minne wananiambia ngojea bajeti ijayo." Sasa mtu kama huyo, wewe ungemkatiza? Kisha akajifuta akaanza maswali.

"Ina madirisha makubwa?"

"Madogo, Mwalimu, yako juu."

"Vizuri, vitabu havipendi jua. Wanaingia wangapi kwa mara moja?"

"Wanane."

"Wanane tu?"

"Lakini hawakai sana, Mwalimu, wanapishana."

"Na utulivu? Kusoma kunataka utulivu."

"Utulivu upo. Kila mmoja ana mlango wake anajifungia."

Akashangaa. "Siku hizi maktaba zimekuwa hivyo?"

Nikasema ndiyo, mambo ya kisasa. Hapo Bi Mize nakiri nilisema uongo kavu, yale ya nyuma yalikuwa ni Inshallah tu.

Sasa hivi ninavyokuandikia Mwalimu amefunga vitabu vyake kwenye maboksi kwa kamba ya katani, ameshawaambia kina mama wenzake wa kikundi cha maulidi, wamekodi basi dogo zima na wanashona sare, na risala ameshaiandika. Ijumaa iliyopita alinipigia simu baada ya swala, "Sihaba mwanangu, vitabu vimefika mia tatu, rafu zitatosha?" Nikasema Inshallah. Simu ilipokatika nilikaa juu ya sufuria la pilau.

Mume wangu Abuu nilipomweleza ndipo alipocheka mpaka akakaa chini. "Tatizo liko wapi?" anasema. "Weka rafu humo humo. Wako watu hawawezi kusoma mpaka wakae hapo." Nikamwambia Abuu, mwogope Mungu. Akasema, "Mimi namwogopa, ndiyo maana sijaweka nadhiri chooni." Nikaenda kwa Mwalimu Kibwana, nikasema huyu ana shahada, atakuwa na la maana. Naye akasema, "Mama, jambo dogo hili. Tunafuta neno moja tu. Msabaha anaandika MAKTABA YA MWALIMU HAFIDHA, tunafunga milango kwa kufuli, anakata utepe, tunasema ufunguo uko kwa afisa elimu, tunampeleka moja kwa moja kwenye pilau. Jumatatu tunarudisha CHOO." Na Msabaha rangi ameshainunua, ananiuliza kila siku, "Vipi mama, nifute nisifute?"

Mimi sijui la kufanya. Nikimwambia kweli nitamvunja mbele ya wenzake, mtu mzima aliyelia kwa furaha nimpe choo. Nisipomwambia ataona mwenyewe Jumamosi, siku ya sherehe, mbele ya basi zima la kina mama. Nikifuata ya Mwalimu Kibwana nitakuwa nimemdanganya mtu aliyenifundisha kusema kweli. Nikilifuta jina lake, nadhiri je? Na kikubwa kuliko vyote ni radhi yake, Bi Mize. Baba yangu na mama yangu wote wametangulia, radhi iliyobaki kwangu duniani ni ya mwanamke yule, nikiikosa hiyo mimi nitabaki na nini, viti vya plastiki?

Tafadhali ulifiche jina langu, kwa sababu Mwalimu Hafidha gazeti lenu analisoma, mjukuu wake humletea kila Jumatano baada ya adhuhuri, na huanza na ukurasa wako kwanza ndipo aje kwenye habari za nchi. Shughuli ni Jumamosi inayofuata Jumatano ijayo ya gazeti lenu, na maturubai yangu mwenyewe yameshapelekwa. Naomba unijibu upesi.

Wabillahi taufiq.

Ni mimi ndugu yako,
Sihaba, Kaole


BI MIZE ANAJIBU

Waalaikum salaam, Sihaba. Goti linaendelea vizuri, kitunguu saumu nimejipaka na mume wangu amehamia chumba cha pili.

Tuanze na jina lako. Majina yote niliyoyakuta kwenye barua yako nimeyabadilisha, ndiyo desturi ya ukurasa huu, na wewe mwenyewe unajua huitwi Sihaba. Lakini dada yangu, umeniandikia Kaole, umeniandikia maturubai, umeniandikia matundu manane na basi zima la kina mama wa maulidi. Hata ningekuita Bwana Mikdad mkulima wa Miono, watu wangekujua kabla hawajafika katikati. Sasa nisikilize. Gazeti hili linaingia Bagamoyo Jumatano asubuhi. Mwalimu wako analipata baada ya adhuhuri na anaanza na mimi. Kwa hiyo hapo ulipo, ukiwa unasoma haya, una saa chache tu za kuwa wewe wa kwanza kumwambia, kabla sijamwambia mimi. Usiseme nimekufanyia makusudi. Nimekufanyia makusudi. Maana barua yako nimeisoma mara mbili, na nimeona kwamba ukiachiwa mpaka Jumamosi utamwambia Inshallah na mkasi wa kukatia utepe anao mkononi.

Hilo neno lako ndilo lililonikera. Inshallah husemwa na mtu aliyekusudia kufanya jambo, kisha anamwachia Mungu mwisho wake. Wewe hukukusudia kitu isipokuwa kunyamaza. Mwalimu Hafidha alikuziba kwa kanga yake ili utoke mbele za watu na heshima yako. Wewe umejiziba kwa jina la Mungu ili usionwe na mtu mmoja anayekupenda. Unanieleza kwa unyenyekevu mkubwa habari ya nadhiri uliyoiweka umechuchumaa, ukiwa mtoto, unalia. Hiyo mimi hainitishi. Inanitisha ile ya sebuleni, umekaa kwenye kochi, mgongo umenyooka, na halua mezani.

Kuhusu nadhiri kushika au kutoshika, mimi si mufti, ni mwanamke mwenye kalamu na goti bovu. Mfuate Maalim Sufiani, na akikata kona nawe kata kona. Alikimbia haraka sana kufuta jina, basi akimbie hivyo hivyo kujibu swali.

Mumeo Abuu ni mtu wa kuchekesha na ningependa kukaa naye kwenye harusi, lakini usimfuate. Mwalimu Kibwana simcheki. Mwambie Msabaha afunge kopo lake. Mtamwandikia MAKTABA mwanamke aliyesoma maisha yake yote, juu ya milango minane ya chuma iliyojipanga, na madirisha ya kupitisha hewa juu, na bomba la kunawia pembeni, halafu mtegemee asitambue? Ana macho yule. Ana na pua. Na siku atakapojua, hatakumbuka kwamba ulimjengea kitu, atakumbuka kwamba shule nzima ilikaa kikao namna ya kumfanya mjinga. Radhi unayoililia utaipoteza kwa njia hiyo, si kwa choo.

Sasa pole yangu hii hapa, maana najua ulilibeba kwa heshima, na mimi nami nisingeweza kulitaja neno lile mbele ya halua. Ila kuna kitu umeniandikia mwenyewe na ukakipita kama mtu anayepita duka lililofungwa. Umesema Mwalimu aliomba maktaba miaka thelathini na minne hakupewa. Na ukurasa mmoja kabla ya hapo umesema ulikuwa unakawia chooni makusudi, wenzako wanagonga ukuta, ili usikie mwisho wa hadithi. Sihaba, shule yenu ilikuwa na maktaba. Ilikuwa na msomaji mmoja, amesimama juani, na wasikilizaji wake wamechuchumaa. Yeye hajui. Mpaka leo anadhani alikuwa anawafichia sauti tu. Ameingia uzeeni anaamini kwamba jambo alilolitaka kuliko yote pale shuleni halikutokea, na mtu anayeweza kumwambia kwamba lilitokea ni wewe, na wewe unashughulika na rafu.

Basi vaa, panda bajaji, nenda peke yako. Usimchukue Abuu, atacheka. Ukifika, shikamoo, kaa, mgongo, halafu sema, "Mwalimu, si maktaba. Ni choo." Liseme hivyo hivyo, usilipambe, usiliite jengo la usafi. Usianze na hadithi ya kanga ili kumlainisha, na usianze na kilio, maana ukilia wewe atalazimika kukubembeleza na itakuwa umempora hasira zake. Mwache akasirike. Ana haki, ameshafunga maboksi, ameshajisifu kwa wenzake, sare zinashonwa. Kaa hapo hapo ukasirikiwe. Halua ikiletwa, kula. Isipoletwa, usiulize. Akishamaliza, ndipo umweleze kwa nini ni choo na si kingine, na umweleze ulikuwa unakawia humo kufanya nini.

Vitabu mia tatu havirudi juu ya friji. Wewe mtu mwenye sahani za kulishia harusi unazihifadhi wapi, chini ya kitanda? Una makabati. Toa mawili mazuri yenye kufuli, sahani zilale kwenye maboksi mwezi mmoja hazitakufa, yapelekwe kwenye darasa ambalo paa lake halivuji, na yafike Ijumaa. Lakini habari ya makabati mpe mwisho kabisa. Ukitanguliza kabati kabla ya neno lile, litakuwa hongo.

Na jina ni lake. Si lako, wala si la Maalim, wala si la Mwalimu Kibwana. Akisema libaki pale lilipo, libaki. Akisema lihamie kwenye makabati ya vitabu, Msabaha alihamishe. Mimi ningekuwa ndiye wewe ningemwomba fundi achore kisutu kwenye milango yote minane, nyekundu, nyeusi na nyeupe. Kisutu hakina maandishi, hakuna atakayekuja mbio kufuta kitu, na wale wasichana tisa wa mwaka wenu wakipita barabarani watajua hapo ni kwa nani. Kuhusu watoto wanaonyoosha kidole wakasema naomba niende kwa Hafidha, waacheni. Wengi wetu tutastaafu, tutazeeka, na hakutakuwa na mtoto hata mmoja anayeomba ruhusa kuja kwetu.

Akikubali, mpeleke shuleni kabla ya Jumamosi, nyinyi wawili, bila turubai, bila risala. Mwonyeshe makomeo. Mama wa miaka sabini na sita, kutoka mjini mpaka Kaole kwa bajaji na barabara ile, atahitaji kuingia, hilo halina mjadala. Hakikisha kwanza maji yanatoka. Kisha mwache aingie, afunge komeo kwa ndani. Wewe usiende mbali. Simama pale nje, upe mlango mgongo, na usome kwa sauti kubwa chochote ulicho nacho mkononi, hata gazeti hili.